Kufundisha Watoto Sanaa za Mapigano kwa Kutumia Michezo

Walimu wengi wa karate, judo na taekwondo huutumia mchezo kama peremende. Watoto wakivumilia dakika 40 za kupiga ngumi hewani wakiwa wamepangwa safu, wanaruhusiwa kufukuzana dakika 5 za mwisho kabla ya kuvaa viatu na kuondoka. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka siku moja nilipokaa pembeni nikiwatazama wakifukuzana na kuona jambo lililonitia aibu kidogo: magoti yalikuwa yamekunjwa, mikono iko mbele ya mwili, macho hayambanduki mpinzani, na hapakuwa na hata mmoja aliyeegemea visigino. Ni mambo yale yale niliyokuwa nimeyapigia kelele kipindi kizima bila mafanikio, na sasa watoto waliyafanya bila kuambiwa, kwa sababu asiyeyafanya alikamatwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kuutoa mchezo mwishoni mwa kipindi na kuuweka katikati yake, kwa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 12 hivi. Kanuni ya kuzingatia ni moja: panga sheria za mchezo kwa namna ambayo njia nyepesi zaidi ya kushinda itakuwa ndiyo ile mbinu unayotaka kuifundisha. Mtoto akiweza kushinda bila mbinu hiyo, basi anajifunza kitu kingine, hata kama anacheka na jasho linamtoka.

Mwalimu anayehofu kwamba michezo itaishusha hadhi sanaa yake na akumbuke alichokifanya Jigoro Kano, aliyeanzisha judo nchini Japani mwaka 1882. Kano alizitenga mbinu za hatari, yakiwemo mapigo ya ngumi na mateke, zikabaki katika mazoezi yenye mpangilio maalumu, ili katika randori, yaani mazoezi huru ya kukabiliana, wanafunzi waweze kuangushana kwa nguvu zao zote bila kuvunjana mifupa. Hiyo ni kazi ya mtunga michezo hasa: aliondoa kinachoumiza ili kinachobaki kiweze kuchezwa kwa bidii. Wenye capoeira, sanaa ya mapigano ya kule Brazili, hawaoni hata haja ya kujitetea, maana wao husema wazi kwamba wawili walioingia ndani ya duara wanacheza.

Anza na kuanguka

Kabla ya mchezo wowote wa kusukumana, mtoto ajue kuanguka. Mtu asiyefundishwa anapoanguka chali hufanya makosa mawili: huacha kichwa kifuate mwili mpaka kisogo kigonge chini, na hupeleka nyuma mkono ulionyooka ili ajizuie, hivyo uzito wote ukatua kwenye kifundo cha mkono na kiwiko. Kosa la kwanza ni kubwa zaidi kwa watoto wadogo, kwa kuwa kichwa chao ni kizito kikilinganishwa na mwili, na shingo bado haijakomaa.

Kumweleza hayo mtoto wa miaka 6 ni kupoteza muda. Mpe kitambaa kidogo, ukubwa wa leso ya mfukoni, akibane kati ya kidevu na kifua. Achuchumae mkekani, abingirike kinyumenyume akiwa ameukunja mgongo kama yai, aupige mkeka kwa viganja vyote viwili, kisha arudi alipoanzia. Kitambaa kikidondoka, hesabu inarudi sifuri. Akifikisha mara 5 mfululizo bila kukidondosha, anapandishwa daraja na kuanza akiwa ameinuka nusu, na baadaye akiwa amesimama wima. Mtoto hafikirii shingo yake hata kidogo, anafikiria kitambaa tu, na kumbe shingo ndiyo inayofanya kazi. Mikono nayo ina hila yake: bandika vipande viwili vya utepe wa rangi mkekani, kulia na kushoto, mahali ambapo viganja vinapaswa kutua, si kwa kuibana mikono kwenye mapaja wala kuitandaza usawa wa mabega bali katikati ya hapo, na mwambie apige rangi. Atakayepiga rangi zote mbili kwa pamoja, sauti moja isikike badala ya mbili, huyo ameanguka vizuri.

Hatua hii nisingeiharakisha hata kama watoto wanaonekana wepesi. Wiki tatu au nne za kitambaa na utepe, dakika chache katika kila kipindi, ni bei ndogo.

Mchezo mmoja na sheria zake zinavyokua

Badala ya kukusanya michezo 50, chukua mmoja uujue mpaka mifupa yake. Mimi huanza na ule wa kugusana. Watoto wawili wanasimama wakitazamana, na kila mmoja anajaribu kuligusa goti la mwenzake kwa kiganja bila yeye kuguswa. Raundi ni sekunde 40, kisha wanabadilishana wenza.

Mara ya kwanza niliuchezesha hivyo hivyo, bila sheria nyingine, na kabla ya dakika mbili kuisha nilikuwa natafuta maji ya baridi kwa ajili ya nundu kwenye paji la uso. Wote wawili waliinama kwa wakati mmoja, na vichwa vikakutana. Kosa lilikuwa la mchezo, wala si la watoto: sheria zangu ziliwalipa kwa kuinamisha kichwa mbele, nao wakakiinamisha. Tangu hapo ninaanza na bega badala ya goti, ili mgongo ubaki umenyooka, na mkono mmoja unabaki kando ya paji la uso muda wote, ukiondoka hapo mguso hauhesabiwi. Sheria hiyo niliiweka kwa usalama, lakini baada ya majuma machache nikaona kwamba imewafundisha kinga ya kichwa kuliko nilivyowahi kuifundisha mimi.

Watoto wakiuzoea, ongeza sheria moja tu: mguso unahesabiwa ikiwa aliyegusa ameweza kutoka nje ya ufikio wa mkono wa mwenzake kabla hajaguswa naye. Mchezo wote unabadilika hapo hapo. Waliokuwa wakirukiana na kupapasana sasa wanasimama mbali, wanapimana, wanaingia haraka na kutoka haraka. Wanakarate huliita jambo hili maai, umbali kati ya wapiganaji wawili, na kulieleza kwa maneno ni kazi ya miaka. Kwa mtoto ni suala la pointi.

Sheria ya tatu huja wiki zinazofuata. Anayemgusa mwenzake wakati mkono wa mwenzake umenyooka kuja kwake anapata pointi mbili. Baada ya raundi kadhaa nilimwita msichana mmoja wa miaka 8, mdogo wa umbo, aliyekuwa amewashinda wavulana watatu mfululizo, nikamwuliza mbele ya wenzake anafanyaje.

"Mwalimu, mimi simfuati," alisema. "Namwacha aje, nasogea kidogo hivi pembeni, halafu namgusa mkono wake ukiwa bado uko kule."

Hilo ni shambulio la kujibu, limeelezwa kwa ukamilifu na mtoto ambaye hakuwahi kusikia jina lake. Ndipo nikawaonyesha mbinu yenyewe: hatua ya kutoka mstarini, kinga nyepesi, pigo la kurudisha. Walirudia mara 10 kwa kila upande, wakiwa na hamu ya kuijua kwa sababu walikwisha kuihitaji, kisha wakarudi mchezoni kuijaribu. Mpangilio huu, yaani mchezo kwanza, swali, mbinu, kisha mchezo tena, ndio ninaouamini kuliko mwingine wowote. Kuanza na mbinu ni kama kumpa mtu jibu la fumbo ambalo hajategewa.

Swali lenyewe liwe fupi na liwe la kweli. "Mnaonaje mchezo?" halifundishi kitu. "Umemgusaje?" au "Kwa nini amekukosa?" linamfanya mtoto aukumbuke mwili wake ulivyokuwa.

Michezo ya mizani, ya chini na ya mateke

Kwa kufundisha kumyumbisha mpinzani, sijaona mchezo unaoupita ule wa viganja. Watoto wawili wanasimama karibu, nyayo zimekaa pamoja, na wanaruhusiwa kugusana viganja tu. Anayesogeza unyayo amepoteza. Mtoto mwenye nguvu husukuma kwa uzito wake wote, mwenzake akaondoa viganja ghafla, na yule mwenye nguvu akatoka mbele kwa miguu miwili kama aliyekosa ngazi. Likimpata mara tatu, anaanza kusukuma kwa tahadhari, na mara ya nne anajifanya anasukuma ili mwenzake ajibu, kisha yeye ndiye anayeachia. Silabi "ju" katika jina la judo ina maana ya ulaini au kukubali kupinda. Hapa mtoto ameikuta mwenyewe.

Mchezo wa mkia unajulikana karibu kila mahali: kitambaa kinachomekwa kiunoni kwa nyuma, kila mtu ananyang'anya cha mwenzake. Ukichezwa na watoto 20 kwenye ukumbi mzima, unafundisha kukimbia na kuangaza macho, na si zaidi ya hapo. Ukichezwa na wawili ndani ya duara la mita 3, tena ikiwa ni marufuku kuushika mkia wako mwenyewe, unageuka kuwa somo la miguu: namna ya kuzunguka bila kupishanisha nyayo, na namna ya kumpita mpinzani ufike mgongoni kwake, jambo ambalo wanamieleka na wanajudo hulitumia kila siku. Kitambaa kichomekwe tu, kisifungwe.

Kwa mapambano ya chini kuna mchezo wa kobe. Mmoja anapiga magoti na viganja chini, anajikusanya; mwingine ana sekunde 20 za kumgeuza chali. Ni marufuku kugusa shingo, kuvuta kidole, na kumrukia mtu mgongoni. Watoto wote huanza kwa kusukuma ubavuni, na kobe haendi popote. Waache wahangaike raundi mbili, kisha waulize nyumba yenye nguzo nne inaangukaje. Atapatikana mmoja wa kusema kwamba ukiondoa nguzo mbili za upande mmoja, nyumba inalalia huko. Basi wataanza kuukumbatia mkono na kulizuia goti la upande ule ule, kisha kusukuma kuelekea huko kwa kifua, na huo ndio ufundi wenyewe wa kumgeuza mtu aliyejikunja mkekani.

Mateke yanafaa kuchezwa na puto. Likiachwa hewani huanguka polepole, na mtoto anayetakiwa kulizuia lisiguse chini kwa kutumia miguu tu anapata muda wa kuinua goti kwanza ndipo aukunjue mguu, badala ya kuurusha kama anayepiga mpira. Mwambie kwamba baada ya kila teke ni lazima arudishe mguu chini kwa utulivu kabla ya kupiga tena. Anayepepesuka anampa mwenzake zamu. Puto lililopasuka liokotwe vipande vyote mara moja, kwa sababu watoto wadogo huviweka mdomoni.

Kata zisizochosha

Kata, yaani mpangilio wa hatua za mapigano zilizokaririwa, ndipo walimu wengi hukata tamaa na michezo, wakidhani kwamba hauna pa kuchezewa. Lakini hata kata zilipata kupunguzwa ukali kwa ajili ya watoto: Anko Itosu wa Okinawa, mwanzoni mwa karne ya 20, karate ilipoanza kuingia shuleni, alitunga kata 5 za Pinan zilizo fupi na nyepesi kuliko zile za zamani, ambazo katika mtindo wa karate wa Shotokan huitwa Heian.

Mchezo wanaoupenda zaidi wanafunzi wangu ni wa mwalimu aliyesahau. Ninafanya kata mbele yao na kuweka makosa matatu ya makusudi: msimamo mfupi, mkono usiorudi nyongani, kugeuka upande usiofaa. Anayeona kosa anapiga kofi moja, kisha aje kunisahihisha kwa kuonyesha. Watoto wasioweza kuiona dosari katika miili yao huiona haraka katika mwili wa mwalimu, tena kwa furaha isiyo na huruma. Mchezo mwingine ni wa kugeuza ukuta: kata ile ile, lakini leo tunaanza tukitazama mlango badala ya ubao. Hapo hujulikana ni nani aliyekuwa akimfuata jirani yake muda wote.

Usalama, na wale wanaotolewa nje

Kuna ishara mbili zinazopaswa kufanyiwa mazoezi kabla ya mchezo wowote wa kugusana, na zichezwe kama mchezo mpaka ziwe za papo hapo. Ya kwanza ni neno la kusimama, ambalo likitamkwa kila mtu anaganda alivyo. Ya pili ni kugonga mara mbili, mkekani au kwenye mwili wa mwenzako, ikiwa na maana ya "niachie", na anayegongewa anaachia papo hapo bila kuuliza. Asiyeachia anakaa pembeni siku hiyo. Hii ni sheria pekee ambayo kwangu haina onyo la kwanza.

Kukaba shingo na kukunja viungo kusiwemo kabisa katika michezo ya watoto. Hakuna mguso wa uso, hata kwa kiganja laini. Kucha zikatwe, hereni na saa zivuliwe, na jozi zielekezwe ili wanaosukumwa waelekee katikati ya mkeka na si ukutani. Kama ukumbi ni mdogo, nusu wacheze na nusu wahesabu pointi, na kazi ya kuhesabu usiichukulie kuwa ya kupitisha muda, maana anayehesabu miguso hujifunza kutazama.

Kuhusu michezo ambayo anayeshindwa anatoka nje: niliitumia sana na ninaijutia. Hebu hesabu. Kati ya watoto 16, wa kwanza kutoka ni yule mzito, au mwoga, au mgeni wa wiki ya kwanza, yaani yule anayehitaji mazoezi kuliko wote, naye hukaa ukutani dakika nne akiwatazama hodari wakizidi kuwa hodari. Ibadilishe kwa njia rahisi: aliyeshindwa anahamia kona ya pili, anafanya maanguko matatu mazuri ya kitambaa, kisha anarudi. Usimpe pushapu. Mtoto anayepigishwa pushapu kila akikosea atakuja kuamini kwamba pushapu ni adhabu, na miaka miwili baadaye utamhitaji azipende.

Mtoto anayeshinda kila mara naye ni tatizo, ingawa halalamiki. Mpunguzie zana: acheze kwa mkono wa kushoto tu, au ndani ya duara dogo zaidi, au apate pointi kwa mguso wa kujibu peke yake. Mweleze kwamba ni heshima, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Katika michezo ya kusukumana na ya kobe, linganisha uzito kabla ya umri au rangi ya mkanda, kwani tofauti ya kilo 10 kati ya watoto wa miaka 9 haifutwi na mkanda. Na kwa yule asiyependa kushikwa, anza na mikia, puto na kata. Wengi huomba wenyewe kujiunga na viganja baada ya wiki chache, na asiyeomba asilazimishwe.

Muda, umri na kuuacha mchezo

Watoto wa miaka 5 na 6 humudu mchezo mmoja kwa dakika 3 au 4, wenye sheria mbili tu. Wa miaka 7 hadi 9 wanaweza kwenda dakika 6 na kupokea sheria mpya katikati. Kuanzia miaka 10 hivi hali inageuka, kwa sababu wengi hutaka kujua kama wanapigana kweli, na michezo yenye majina ya wanyama inaanza kuwatia haya. Hapo wape mchezo ule ule ukiwa umevuliwa jina na kuvalishwa pedi, uite mazoezi ya kugusana kwa pointi, nao wataupokea kwa uzito wote. Pia kuna mambo ambayo mchezo hauyawezi. Pembe sahihi ya ngumi, mzunguko wa nyonga katika teke, mshiko wa mkono kwenye ukosi wa vazi la judo: hayo yanataka mwalimu akae karibu, arekebishe, na mtoto arudie.

Kila mchezo ufunguliwe na kufungwa kwa kuinamiana, hata kama ni wa puto. Ukiiacha salamu kwa sababu "ni mchezo tu", watoto watajua kwamba nawe huuamini. Na usimamishe mchezo wakiwa bado wanautaka, si wakati wameanza kulala mkekani.

Baada ya kipindi, andika mistari michache daftarini kabla hujasahau, hasa kuhusu udanganyifu. Nani aliubana mkia wake kwa kiwiko? Nani alikuwa akirudi nyuma raundi nzima ili asiguswe? Mtoto anayedanganya amekuonyesha mahali ambapo sheria yako inavuja. Yule wa kurudi nyuma nilimwekea mstari wa utepe mita moja nyuma yake, na wiki iliyofuata, alipokosa pa kukimbilia, ndipo kwa mara ya kwanza alipotoka pembeni.